Paka mwenye alihasiwa apewe alama yenye jirani anaweza kusoma

Goma ni muji wa paka wengi, na sababu inajulikana. Mahali kuna unga, mahindi, maharagi na sambaza, panya hawakosi. Kutoka Birere mpaka Majengo, kutoka soko la Virunga mpaka Kituku, mama mwenye kuuza kwa kopo halali vizuri kama depo yake haina paka. Nyumba zetu nyingi ni za mbao juu ya mawe ya volkano, na kila tundu la mawe hayo panya anaweza kuzaa ndani. Kwetu hapa paka hafugwe kwa kupamba salon. Ni mufanyakazi.

Lakini mufanyakazi huyu anazaa sana. Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa bado na miezi 4 ao 5. Anabeba siku 63 mpaka 65 tu, anazaa watoto 3, 4, wakati mwingine 6, na majuma machache nyuma anaweza kubeba tena hata kama bado ananyonyesha. Mwisho wa hesabu hiyo tunaujua sisi wote: watoto wa paka mu mufuko, mufuko mu ziwa ao mu shimo la takataka, na watoto wetu wakiangalia.

Njo maana ni jambo la kufurahia wakati mutu anapeleka paka wake kwa veterineri ili ahasiwe. Dume anatolewa makende. Jike anatolewa ovari, mara nyingi pamoja na kizazi. Wafugaji wa Masisi hawawezi kushangaa, juu kazi hiyo wanaijua kwa ng'ombe na mbuzi. Wale wenye kusema Kinyarwanda wanaiita gukona. Tofauti ni kwamba paka jike inaomba afunguliwe tumbo. Kwa hiyo inaomba dawa ya usingizi, vyombo safi, uzi, na munganga mwenye alisomea kazi. Yote hiyo ni makuta.

Swali letu la leo linaonekana dogo. Kiisha operesheni, nani atajua kama paka huyu alishahasiwa?

Kwa dume, jibu liko nyuma yake. Inua mukia, angalia. Kama hakuna kitu, kazi ilifanyika, isipokuwa mara chache sana wakati makende yalibakia ndani ya tumbo tangu kuzaliwa. Kwa jike, hakuna pa kuangalia. Kovu ni mustari mudogo chini ya tumbo. Manyoya yanaota tena, ngozi inafunga, na kiisha miezi michache hata munganga mwenyewe anapitisha kidole bila kuhisi kitu.

Mwaka uliopita, mama mumoja wa avenyu yetu alipokea paka jike kutoka kwa familia yenye ilihama. Hakuna mwenye alimuambia kama paka alishakatwa. Kwa kuogopa watoto wa paka, mama akaweka makuta pembeni miezi mitatu kwenye biashara yake ya makala, kiisha akamupeleka paka kwa munganga. Munganga akamulalisha, akanyoa tumbo, akapasua, akatafuta kizazi. Hakuna. Akashona. Paka alipona, lakini mama alilipa bei yote, na hatuwezi kusema munganga aliiba, juu alitumia dawa yake na saa zake. Mama akaniuliza: "Sasa baba, mie ningejuaka aje?" Hangeweza kujua. Kosa halikuwa la mutu, alama njo ilikosa.

Na muji wetu si muji wa kukaa pamoja miaka makumi. Volkano ilitufukuza Januari 2002, ikatufukuza tena tarehe 22 Mei 2021. Vita vimefanya watu wahame mara ngapi, hatuhesabu tena. Familia ikikimbia inabeba watoto, godoro na sufuria. Paka anabakia, kwa sababu paka anazoea nyumba kuliko mutu. Mwenye kuingia nyuma anamukuta pale, hajui jina lake wala habari yake. Kwa hiyo kusema "mwenye paka anajua" haitoshe Goma. Inaomba paka mwenyewe abebe habari yake.

Tuangalie njia moja moja.

Ya kwanza ni kolie, mukaba wa shingoni. Ni rahisi na inaonekana. Kule Tanzania, pembeni ya Serengeti, timu zenye zinachanja mbwa juu ya kichaa cha mbwa ziliwafunga mikaba ya plastiki ili wahesabu wangapi wamechanjwa. Kwa kazi ya siku chache ni muzuri. Lakini paka anapita mu matundu ya mbao na katikati ya misumari. Mukaba unanasa, ao mukono wake unaingia ndani na kuumia. Watoto wanautoa kwa kuchezea. Na hata ukibakia, unasema tu kwamba paka ana mwenyewe. Hauseme kama alihasiwa.

Ya pili ni chipu ya elektroniki. Ni kitu kidogo kama punje ya muchele, kinaingizwa na sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Ndani kuna namba yenye tarakimu 15. Haina betri, na si GPS: haionyeshe paka yuko wapi, wenye kuuza wakikuambia vile wanakudanganya. Inaamuka tu wakati mashine ya kusomea inapita karibu. Ubelgiji inaiomba kwa paka wenye walizaliwa tangu Novemba 2017. Uingereza iliiweka lazima tangu tarehe 10 Juni 2024. Ufaransa inaomba paka wenye walizaliwa tangu 2012 waandikishwe wakipita miezi 7, kwa chipu ao kwa tatuu. Kule inafanya kazi juu kuna kitabu kikubwa cha namba, na kila kabine ya veterineri ina mashine. Hapa Goma, mama wa makala atapata wapi mashine? Na namba ya simu yenye iliandikwa inaweza kuwa ya laini yenye ilikufa zamani. Mwenye kusafiri Ulaya na paka wake aweke chipu, juu kule wanaiomba kwenye mupaka. Kwa wengine wote, ni alama yenye haina musomaji.

Ya tatu ni tatuu. Herufi na namba ndani ya sikio, kama Ufaransa walivyofanya tangu zamani, zinafifia na miaka, na inaomba umushike paka kwanza. Paka wa depo hashikwe ovyo. Lakini kuna tatuu ingine, ndogo, yenye inatusaidia: mustari mufupi wa wino wa kijani kwenye ngozi ya tumbo, karibu na mahali munganga alipasua. Jirani hauone. Munganga mwenye ananyoa tumbo anauona mara moja, anaweka kisu chini. Mustari huo ungeokoa makuta ya yule mama.

Ya ine ni etiketi ya sikio, kama ya ng'ombe. Sikio la paka ni jepesi kama jani. Etiketi inapasua, inaleta usaha, inaanguka. Tuiache kwa ng'ombe.

Ya tano ni kukata ncha ya sikio. Wakati paka amelala kwa ile dawa ya operesheni, munganga anakata ncha ya sikio la kushoto, mustari wa sawasawa, karibu sentimeta 1 kwa paka mukubwa, kidogo zaidi kwa mutoto. Damu ni kidogo. Paka anaamuka na jambo lilishaisha, anasikia kama mbele. Ncha haioti tena. Ukisimama mbali, hata upande ule wa njia, unaona sikio moja lina ncha na lingine limenyooka kama meza. Inaomba mustari uwe sawa, juu paka wakipigana wanapasuana masikio, na tundu ao mupasuko unaweza kudanganya. Mustari wa kisu haufanane na kazi ya meno.

Njia hiyo njo inatumiwa sehemu nyingi za dunia kwa paka wa mitaani wenye wanakamatwa, wanahasiwa na kurudishwa pale walitoka. Kazi ya kuhasi na kurudisha iko hata karibu yetu: Lamu, kisiwa cha Kenya chenye kinajulikana sana kwa paka wake, kuna kliniki ya wanyama yenye inaifanya. Japani wao wanakata sikio kwa umbo la V, kulia kwa dume na kushoto kwa jike, na kwa sababu sikio linafanana na jani la ua la sakura, watu wanawaita paka wa sakura. Mutu akiona sikio hilo, anajua. Njo nguvu ya alama: siku watu wote wanaijua, hauna tena lazima ya kuuliza.

Mutu anaweza kuniambia: wewe wa sendika ya migodi, alama za paka zinakuhusu nini? Zinanihusu juu sisi wa migodi tumeishi na alama miaka mingi, na tunajua pale zinavunjika.

Kiisha Marekani kutoa sheria ya Dodd-Frank mu Julai 2010, kompani kubwa ziliombwa kueleza kama koltani, kasiterite, wolframite na zahabu yao ilitoka Kongo ao kwa majirani. Mifuko ya koltani, kasiterite na wolframite ikaanza kufungwa etiketi: ya kwanza kwenye mugodi, ya pili kwenye depo ya negosia, na namba zinaandikwa mu kitabu. Wazo lilikuwa muzuri. Lakini ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilisema zaidi ya mara moja kwamba etiketi ziliuzwa na kufungwa kwenye mifuko yenye ilitoka mahali pengine. Kwa sisi kuna masomo matatu.

Somo la kwanza: alama yenye inaweza kutoka kwenye kitu na kufungwa kwa kingine, siku moja itauzwa. Kolie ni ya namna hiyo. Sikio si ya namna hiyo, hakuna mwenye anaweza kulivua kwa paka huyu na kumuvalisha yule.

Somo la pili: uliza kwanza nani anasoma. Namba ya mufuko inasomwa na mununuzi wa mbali. Muchimbaji mwenye alitoa jiwe, namba hiyo haimuambie hata bei. Chipu ya paka ni ndugu ya namba hiyo. Alama ya Goma inaomba isomwe na mama wa soko, na mutoto wa shule, na mulinzi wa usiku, bila mashine na bila umeme.

Somo la tatu: alama bila kitabu ni nusu ya ukweli. Mutu mubaya anaweza kukata sikio la paka jike mwenye hajahasiwa na kumuuza bei ya juu. Lakini mustari wa kijani hauko kwenye tumbo, na jina haliko mu kitabu cha munganga. Njo maana mufuko unaomba etiketi mbili zenye kukubaliana. Paka naye aombwe vile vile: sikio kwa jirani, mustari wa kijani kwa munganga, karne kwa mwenye paka.

Sasa tujibu watu wenye wanakataa, juu sababu zao si za kuchekwa.

Wa kwanza wanasema: ni kumutesa munyama. Operesheni inafanyika akiwa amelala. Sikio linakatwa wakati ule ule, hakuna maumivu ya pili ya kushikwa na kufungwa. Mateso ya kweli ni kumufungua tumbo mara ya pili bure. Lakini tuseme wazi: hakuna mutu mwenye ana ruhusa ya kukata sikio la paka nyumbani na makasi ao wembe. Huo ni ukatili, na pia ni kuharibu alama, ni kama kutengeneza etiketi ya uongo.

Wa pili wanasema: paka wangu ni wa nyumba, si wa njia, simuharibie sura. Ni kweli, mu inchi zenye paka anakaa ndani siku zote, wenye paka wengi hawakatishe sikio. Lakini Goma paka gani anakaa ndani? Mulango uko wazi, bati lina tundu, usiku yuko kwa jirani. Mwenye anakataa kabisa, tumuheshimu, lakini mustari wa kijani na karne asikatae. Aweke tena picha ya paka mu simu yake. Walinzi wa Virunga wanajua kila gorila kwa mikunjo ya pua yake, bila kukata kitu. Pua ya paka ni ndogo mno kwa kazi hiyo, ila rangi na madoa yake yanaonekana vizuri kwenye picha.

Wa tatu hawaseme kwa sauti, lakini wanafikiri: paka mwenye sikio limekatwa ni wa walozi. Tusijifanye kama mawazo hayo hayako mu kartie zetu. Paka anaweza kuuawa na mawe juu ya alama yenye ilipashwa kumusaidia. Dawa yake ni kueleza mbele, si nyuma. Tulishafanya vile: wakati wa chanjo ya polio, mutoto anapakwa wino kwenye kidole na mulango unaandikwa kwa chaki. Hakuna mutu leo mwenye anakimbia kidole hicho. Walieleza kwenye redio, kanisani, musikitini, nyumba kwa nyumba, na alama ikawa ya kawaida.

Wa ine wanasema: watu wanakufa, na nyinyi mnaandika juu ya paka. Ndugu, unga wenye panya anakula ni wa watu hao hao. Makuta yenye yalipotea kwa operesheni ya bure ni ya mama mwenye hana mengine. Na kuna kichaa cha mbwa, chenye kinaua duniani karibu watu 59,000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia. Karibu wote wanakipata kwa mbwa, lakini paka mugonjwa anaweza kukipitisha naye. Munganga akimupata paka mukononi kwa kumuhasi, ni wakati muzuri wa kumuchanja pia.

Hapa inaomba kuonya. Sikio lililokatwa linasema jambo moja tu: huyu alihasiwa. Haliseme kwamba chanjo yake ingali na nguvu, juu chanjo inarudiliwa na sikio halirudi. Mutoto akiumwa na paka ao mbwa, usiangalie sikio. Osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kiisha enda hospitali siku ile ile. Habari ya chanjo iko mu karne, si mu sikio.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya, na hakuna hata moja lenye linaomba mufadhili wa ng'ambo.

Waveterineri wa Goma wakae meza moja na kukubaliana alama moja: sikio la kushoto, mustari wa sawa, dume na jike. Kama mumoja anakata kushoto na mwingine kulia, na wa tatu anatoboa tundu, tutakuwa na alama tatu zenye haziseme kitu. Dume pia akatwe, hata kama chini ya mukia kunaonekana, juu jirani hatainua mukia wa paka wa mutu.

Mustari wa kijani uwekwe kwa kila paka mwenye alipasuliwa, bila kumulipisha mwenye paka zaidi. Wino kidogo hauwezi kuwa sababu ya kuongeza bei.

Kila paka apewe karne, hata kama ni karatasi moja yenye kukunjwa: rangi, jinsia, kazi iliyofanyika, tarehe, chanjo, muhuri wa munganga. Iandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Munganga abakie na kitabu chake, na nakala iende kwa ofisi ya serikali yenye inashugulikia ufugaji mu jimbo. Wanafunzi wa fakulte ya veterineri ya Graben, kule Butembo, wajifunze alama hiyo hiyo, ili jike mwenye alihasiwa Goma asipasuliwe tena Butembo.

Mashefu wa kartie na wa avenyu, redio za hapa, wachungaji na maimamu waeleze mbele ya kisu cha kwanza. Maneno ni machache, hata mutoto anayashika: sikio la kushoto limenyooka, paka huyu hatazaa tena, anafanya kazi ya kufukuza panya, mumuache aishi.

Na wewe mwenye unahama kesho, kama paka wako anabakia nyuma, mupe jirani karne yake pamoja na funguo.